Kumsoma Ibilisi kwa Insafu: Mwongozo kwa Wasomaji wa Biblia wa Buhemba na Jirani Zake

Buhemba ni nchi ya Wazanaki, lakini dhahabu iliyomo ardhini mwake imewavuta Wakuria, Wajita, Waluo, Waikizu, Wasukuma na wengineo waje wakae pamoja na wenyeji, na kwa kuwa hakuna lugha ya nyumbani iwezayo kuwatosha wote, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mgodini, ya sokoni na ya kanisani. Katika lugha ya mama yake kila mmoja wao ana majina ya viumbe wasioonekana, tena majina mengi yenye daraja na tafauti zake: mizimu ya ukoo, roho za vilima na chemchemi, wafu wenye kisasi, na husuda ya mchawi aliye hai, walakini afikapo ibadani siku ya Jumapili husikia jamii ya hao wote wakikusanywa chini ya maneno matatu yaliyotoka pwani, nayo ni shetani, ibilisi na pepo.

Mwongozo huu naukusudia kwa yule asomaye Biblia mbele ya wenzake: katekista wa kigango, mwalimu wa shule ya Jumapili, mzee wa kanisa, mwinjilisti, au mama wa jumuiya ndogo ndogo aliyepewa zamu ya kusoma nyumbani kwa jirani. Sikushawishi, ndugu yangu, umwamini Ibilisi wala usimwamini, kwani hiyo ni amana ya imani yako na ya kanisa lako. Nitakalo ni kwamba kila ukutanapo na mojawapo ya maneno hayo katika Maandiko, ujue limesimama mahali pa neno gani la asili, na ni itikadi gani iliyoingia pamoja nalo pasipo kubisha hodi.

Anza kwa kutafuta vitabu viwili badala ya kimoja. Biblia iliyo mikononi mwa Waprotestanti wengi wa Mara ni ile ya Muungano, iliyochapwa nzima mwaka 1952 ili kuondoa mfarakano baina ya tafsiri ya Unguja na tafsiri ya Mombasa. Weka kando yake Biblia ya Habari Njema, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti waliifanya kwa shirika, na ukijaliwa kuiona katika sanduku la mzee yeyote ile ya Karl Roehl ya mwaka 1937, iombe uisome japo kwa siku moja, maana Roehl alikuwa na ari ya kuyaepuka maneno ya Kiarabu na kwa hiyo alilazimika kufikiri upya mahali ambapo wengine walipita kwa mazoea. Chukua daftari, upande mmoja uandike sura na aya, upande wa pili neno lililotumika katika kila kitabu. Kazi hii haihitaji shahada; yataka subira na kalamu.

Kabla ya kuendelea, yafaa ujue maneno yenyewe yalikotoka. Mmisionari mtafsiri Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere, mtafsiri kama yeye, alifika Unguja mwaka 1864, akawa askofu mwaka 1874. Wote wawili waliikuta lugha iliyolelewa na Uislamu kwa karne nyingi, nao hawakuwa na haja ya kuunda jina la adui wa Mungu, kwa sababu shetani alikuwa amekwisha kutajwa katika kila dua, na Ibilisi alijulikana hata na watoto wa chuo cha Kurani. Shetani ni neno la Kiarabu, ndugu wa neno la Kiebrania satan. Ibilisi nalo ni la Kiarabu, na kwa rai ya wanazuoni wengi asili yake ni diabolos ya Kiyunani, iliyopoteza kichwa chake njiani; ikiwa ndivyo, basi neno hilo lilitoka kwa Wayunani, likapita kwa Waarabu, likafika kwa Waswahili, na watafsiri wakalirudisha kazini kulitafsiri lile lile la Kiyunani lililolizaa. Si mara nyingi mtafsiri hupata bahati ya namna hiyo.

Lakini neno lililokwisha kukaa na watu haliji peke yake. Mswahili wa Unguja aliposikia Ibilisi alikumbuka habari ya yule aliyeamriwa kumsujudia Adamu akakataa kwa kiburi, nayo ni habari ya Kurani. Biblia ya Kikristo haina habari hiyo, ingawa vitabu vya kale vilivyobaki nje ya Biblia vinayo. Hata hivyo utawasikia Wakristo wa bara, ambao hawajawahi kuiona bahari, wakiisimulia katika mahubiri kana kwamba imeandikwa katika kitabu cha Mwanzo. Ukiisikia, usimwaibishe msemaji mbele ya watu; mwombe kwa upole akuonyeshe sura na aya, kisha mtafute pamoja.

Sasa fungua kitabu cha Ayubu, sura ya kwanza. Katika Kiebrania satan ni neno la kawaida, maana yake mpinzani au mshitaki, na kwalo aweza kuitwa kiumbe yeyote asimamaye njiani mwa mwingine. Katika Hesabu 22 ni malaika wa Bwana mwenyewe aliyesimama awe satan kwa Balaamu. Katika 1 Samweli 29 wakuu wa Wafilisti walimhofia Daudi asije akawageukia kuwa satan vitani. Na katika 1 Wafalme 11 Hadadi Mwedomi aliinuliwa kuwa satan kwa Sulemani. Msomaji wa Kiswahili hayaoni hayo, kwa sababu mtafsiri, akifuata maana na kwa haki kabisa, ameandika adui au ametumia kitenzi cha kupinga. Afikapo kwa Ayubu, mtafsiri yule yule anaacha kutafsiri maana na kuweka jina: Shetani. Lakini Kiebrania cha Ayubu kimetanguliza kiambishi kinacholifanya neno liwe cheo, sawa na kusema yule mshitaki, mtu wa baraza aliye na kazi yake mbele ya mfalme. Na Kiswahili, ambacho hakina kiambishi cha jinsi hiyo, kinamtegemea msomaji aone herufi kubwa ya S. Herufi kubwa haisikiki. Katika kanisa ambalo wengi husikia Maandiko yakisomwa, na wachache ndio wenye kitabu mkononi, tafauti baina ya cheo na jina hupotea kabla haijafika benchi la pili.

Wayahudi wa Iskanderia walipoanza kuitafsiri Torati na vitabu vingine kwa Kiyunani, kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, walimwita huyo mshitaki wa Ayubu diabolos, neno ambalo kwa Wayunani lilimaanisha msingiziaji, mchongezi, mtu afitinishaye watu kwa maneno. Hapo tabia yake ikabadilika: aliyekuwa mtumishi wa baraza mwenye kazi isiyopendeza akaanza kuwa mwongo kwa asili yake. Roehl ndiye aliyejaribu kutuonyesha maana hiyo kwa Kiswahili, akaandika Msengenyaji mahali ambapo Muungano umeandika Ibilisi. Kwa fasili ya neno alisibu kuliko wote, lakini jina lake halikushika, na mimi nadhani najua sababu: kila mtu ana msengenyaji mtaani kwake, amemzoea, humsalimu asubuhi, na ni taabu kumtetemekea. Hata hivyo, ukifundisha habari za majaribu ya Yesu jangwani, mtaje Msengenyaji japo mara moja, uone jinsi wasikilizaji watakavyoinua vichwa wanapotambua kwamba kazi ya Ibilisi katika sura ile si kutisha watu usiku, bali ni kuyatia maneno ya Mungu kombo.

Neno la pili la kujihadhari nalo ni Lusifa. Hakuna jina litajwalo kwa yakini kubwa kuliko hilo katika mikutano ya Injili, na hakuna jina lililo haba kuliko hilo katika Biblia ya Kiswahili: litafute katika Isaya 14:12, hulikuti. Nabii anamwimbia mfalme wa Babeli wimbo wa dhihaka, kama aya ya 4 ya sura ile isemavyo bayana, akimfananisha na nyota ing'aayo kabla ya jua kuchomoza kisha ikazimika. Yeronimo, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, aliita nyota hiyo lucifer, yaani mleta nuru, kwa kuwa ndilo jina la kawaida la nyota hiyo kwa Walatini. Tena neno hilo hilo limo katika Kilatini cha 2 Petro 1:19, ambapo linatajwa kwa heri, na katika karne ile ya 4 kisiwani Sardinia alikuwako askofu aliyeitwa Lucifer, wala hakuna aliyemkimbia. Ila wapo mababa wa kanisa, na Origene aliyemtangulia Yeronimo kwa zaidi ya miaka 100 ni mmoja wao, walioliona anguko la Ibilisi katika wimbo ule; na Waingereza walipochapa Biblia yao mashuhuri ya mwaka 1611 wakaliacha neno la Kilatini bila kulitafsiri, nalo likawa jina la mtu. Watafsiri wa Kiswahili hawakufuata. Waliandika nyota ya alfajiri, na kwa hilo wanastahili shukrani. Lusifa aliye Buhemba leo hakutoka katika Biblia ya Kiswahili, ametoka katika mahubiri yaliyofasiriwa kutoka Kiingereza na katika filamu. Kwa hiyo, ukitaka kuhubiri juu ya kuanguka kwa Shetani, yako maneno ya Yesu katika Luka 10:18, yatumie hayo. Na ukimtaja Isaya, mtaje pamoja na mfalme wa Babeli. Kumbuka pia kwamba katika Ufunuo 22:16 ni Yesu ajiitaye nyota ya asubuhi.

Tuje kwa pepo, na hapa nakusihi usome polepole, kwa sababu hapa ndipo tafsiri ilipofanya kazi kubwa kuliko popote. Kiyunani cha Agano Jipya hakichanganyi: diabolos ni mmoja, na daimonia ni wengi, wala mmoja wao haitwi kwa jina la mwingine. Biblia ile ya Kiingereza ya mwaka 1611 haikulinda mpaka huo, iliwaita wote kwa neno moja, huyu kwa umoja na wale kwa wingi, na Martin Luther katika Kijerumani chake alifanya vivyo hivyo. Kiswahili, kwa bahati njema, kilikuwa na neno pepo, na katika Injili nne ndilo linalotumika. Lakini fungua 1 Wakorintho 10:20 na Yakobo 2:19 katika Biblia ya Muungano, utakuta mashetani, ilhali Kiyunani cha mahali pote hapo ni daimonia zile zile. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili huamini ziko jamaa mbili, pepo ambao huwaingia wagonjwa, na mashetani ambao hupokea sadaka, tena hawa wa pili huwafikiria kuwa ni watoto au askari wa Shetani mwenye herufi kubwa, kwa kuwa jina lao ni lake lililotiwa wingi. Andika katika daftari lako: pepo wa Injili na mashetani wa nyaraka ni neno moja.

Pepo lenyewe lina mambo yake. Pwani, pepo si lazima awe mbaya. Yuko mwenye kuudhi na mwenye kufaa, hupandishwa kichwani, hupigiwa ngoma, huulizwa atakacho, na mganga wake huitwa mpunga pepo. Watafsiri waliyajua hayo, nao wakafanya hila nzuri ambayo msomaji wa haraka huikosa: Yesu hapungi pepo hata mara moja, hutoa pepo, na wanaoitwa wapunga pepo ni wale Wayahudi wenye kutangatanga wa Matendo 19:13, ambao wana wa Skewa walikuwa miongoni mwao na wakapigwa na mgonjwa mpaka wakakimbia uchi. Kwa kuchagua vitenzi viwili wameandika hukumu nzima juu ya uganga wa pwani bila ya kuongeza sentensi. Na kwa mwenye kupenda ajabu za lugha, namwonjesha hii kwa kupita: katika Injili ya Luka pepo wanaingia katika nguruwe sura ya 8, na mnyang'anyi aliyetubu anaahidiwa kwenda peponi sura ya 23, na hajapatikana bado msikilizaji aliyechanganyikiwa.

Sasa nifike katika jambo linaloigusa Mara hasa. Zaburi ya 96, aya ya 5, katika Kiebrania yasema kwamba miungu ya mataifa ni ubatili, si kitu. Na Biblia ya Muungano imelifuata hilo. Lakini watafsiri wa Iskanderia waliandika kwamba miungu ya mataifa ni daimonia. Zaburi za Kilatini zilizoimbwa kanisani zikafuata Kiyunani. Mababa wa kanisa, Agostino akiwa mmojawapo, wakaifanya aya hiyo kuwa hujja. Na kwa muda wa zaidi ya miaka 1,000 wamisionari wengi waliotumwa kwa watu wa mbali waliondoka wakijua, hata kabla hawajafika, kwamba chochote watakachokuta kikiheshimiwa huko ni pepo wachafu. Pima mwenyewe uzito wa tafauti hiyo. Asemaye kwamba mungu wako si kitu anakupuuza. Asemaye kwamba ni shetani anakuogopa, na anakuomba umwogope pamoja naye.

Mara nayo ilipokea wamisionari wake: wale wa Kikatoliki walifungua misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911. Wamenonaiti walifika Shirati mwaka 1934. Waadventista Wasabato waliweka makao Ikizu. Walikuta watu wenye misambwa, kama wasemavyo Waikizu na Wanata, yaani roho zilizofungamana na mahali na wazee wa kale, zenye vichaka, vilima na chemchemi zao, ambako wazee walipeleka sadaka kwa ajili ya mvua na afya ya nchi. Je, msambwa ni pepo? Ni shetani? Ni mzimu? Ni marehemu mwenye heshima? Mahali pengi swali hili halikuulizwa kamwe, kwa sababu Kiswahili cha kanisa kilikuwa na jibu tayari, na msambwa akaitwa shetani pamoja na mchawi, kifafa, ndoto mbaya na ulevi. Upande wa Kenya, Elijah Masinde alipoanzisha dini yake miongoni mwa Wabukusu katika miaka ya 1940 aliipa jina la msambwa kwa makusudi, na serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku mwaka 1948; ndiyo kusema neno ambalo kanisa lililihesabu giza, wengine waliliinua kuwa bendera.

Waluo wa Rorya wana kisa chao. Kanisani pepo mbaya huitwa jachien, na asili ya jachien ni mfu aliyedhulumiwa arudiye kuwadai walio hai haki yake. Kwa hiyo Mluo asikiapo kwamba Yesu alimfukuza jachien, husikia moyoni habari ya marehemu wa ukoo fulani na deni lisilolipwa, jambo ambalo Marko hakuliwaza. Na huko Uganda, mwanazuoni Okot p'Bitek aliandika jinsi wamisionari walivyowauliza Waacholi, ambao ni wa jamii ya Waluo wa kati, ni nani aliyewafinyanga, swali lisilokuwa na maana kwao, mpaka mtu akajibu kwa kumtaja Rubanga, roho ya ugonjwa upindao uti wa mgongo. Jina hilo likawa jina la Mungu Muumba, na jok, neno la zamani la nguvu zisizoonekana za kheri na za shari, likasukumwa upande wa Shetani. Okot alikuwa mkali, na ukali wake haunipendezi kila mahali, lakini kwa hili sina la kumjibu.

Basi ufanyeje wewe, msomaji wa Buhemba? Usomapo aya yenye pepo au mashetani mbele ya wazee, usitie jina la kienyeji papo hapo kwa kubahatisha. Kaa kwanza na mzee mmoja au wawili wa Kizanaki, wa Kijita, au wa lugha yoyote iliyo ya nyumba hiyo, uwaulize: kiumbe huyu alipata kuwa mtu? Huja mwenyewe, au hutumwa na mtu? Huombwa, hufukuzwa, au hulipwa? Pepo wa Injili hakupata kuwa mtu katika habari yoyote iliyoandikwa humo, halipwi, wala hasuluhishwi. Ukipata majibu yaliyo mbali na hayo, jua kwamba umekutana na kiumbe mwingine, na kwamba Marko na Mathayo hawakumsema. Kanisa lako huenda lina neno la kusema juu yake, na lina haki ya kulisema; lakini liseme kwa jina lake halisi.

Katika jambo hili mnaye jirani wa kumwiga. Julius Nyerere, mwana wa Butiama aliyebatizwa Nyegina mwezi Desemba 1943, aliporudi nyumbani mwaka 1955 baada ya kuacha ualimu wa Pugu, alimfundisha padri wa shirika la Maryknoll Kizanaki na kumsaidia katika kazi ya kutafsiri. Na uzeeni mwake alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996. Mtu aliyekwisha kuwa Rais hakuona kuwa ni kazi duni kuyapima maneno ya Mungu moja moja. Leo mjini Musoma wapo watafsiri wa Biblia katika lugha za Mara, Kizanaki kikiwamo, nao huhitaji wasomaji wa kuwaambia ni wapi neno limelia vibaya masikioni. Daftari lako likijaa, wapelekee.

Nisisahau sala ya Bwana, maana hiyo husemwa kila siku na haichunguzwi na mtu. Kiyunani cha Mathayo 6:13 chaweza kufasiriwa kwa njia mbili, kwamba tuokolewe na uovu au tuokolewe na yule Mwovu, kwa sababu kwa umbo lake neno lile laweza kuwa kitu na laweza kuwa mtu. Biblia ya Muungano imechagua mtu. Baba Yetu ya Kikatoliki imechagua kitu, ikasema maovuni. Mkatoliki na Mmenonaiti wa Buhemba wakisali pamoja msibani watatengana hapo kwa neno moja, kisha watakutana tena penye amina. Hakuna aliyekosea, na mwalimu asiruhusu watoto wacheke wala upande mmoja uushitaki mwingine kwamba unamficha Ibilisi.

Viumbe vidogo vipitie haraka. Isaya 34:14 ina Lilith wa Kiebrania, ambaye watafsiri wa Muungano wamemwita babewatoto, bundi wa hadithi za pwani anayedhaniwa kuwadhuru watoto wachanga, na mimi naliona chaguo hilo kuwa zuri kupita yote katika kitabu kizima. Zaburi ya 91, aya ya 6, ina uele wa adhuhuri, ambao watafsiri wa Iskanderia waliugeuza kuwa pepo wa mchana, na watawa wa jangwa la Misri wakampa pepo huyo kazi ya kumchosha mtawa asisali. Ukisikia mtu akionya juu ya pepo wa saa sita mchana, mwambie pepo huyo ametoka huko. Walawi 16 ina Azazeli, na Kiswahili kimeliacha jina kama lilivyo.

Nimeliweka la mwisho lililo zito. Katika Mathayo 17:15 baba mmoja anamleta mwanawe aangukaye mara kwa mara katika moto na katika maji. Kiyunani chasema kijana huyo amepatwa na mwezi, kwa maana watu wa kale waliudhani mwezi kuwa chanzo cha ugonjwa huo. Watafsiri wa Kiswahili wameandika kwamba ana kifafa, na aya tatu baadaye pepo anamtoka. Kwa hiyo katika Kiswahili, kuliko katika Kiyunani, jina la maradhi yajulikanayo hospitalini limefungwa pamoja na pepo katika ukurasa mmoja, na wako wahubiri wasiohitaji zaidi ya hapo ili kuhukumu kwamba kila mwenye kifafa ana pepo. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, kusini mwa nchi yetu, kuanzia mwaka 1960, alikuta watu waliotengwa na jamaa zao, wenye makovu makubwa ya moto, kwa kuwa mtu alipoanguka penye jiko waliokuwa karibu waliogopa kumgusa; nao walipopewa dawa kila siku, wengi walipata nafuu na wengine wakarudi shambani na kwa watu wao.

Usomapo sura hiyo, basi, eleza neno lililo nyuma ya kifafa, useme wazi kwamba ugonjwa huo hauambukizi kwa kugusana wala kwa mate, na kwamba aangukaye hutolewa motoni kwanza, hulazwa ubavu, wala hatiwi kitu kinywani. Aombewe kwa moyo wote, na apelekwe hospitali. Dawa ya kifafa haikatizwi kwa sababu ya mkesha wa maombi. Aikatizaye ghafula huweza kumletea mgonjwa degedege lisilokoma, na degedege hilo huua.